Safu Iliyokosekana Daftarini

Jumapili, tarehe 13 Novemba 1994. Joto tangu alfajiri, mawingu mazito upande wa mtaa wa Panda, upepo dhaifu kutoka kaskazini. Mvua hakuna. Dohani ya kiwanda cha asidi haikutoa moshi, na ilikuwa haijatoa moshi kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Hayo Symphorien Kabulo aliyaandika saa kumi na mbili asubuhi, amesimama uani kwake mtaani Kikula, akitazama kitambaa alichokifunga kwenye ncha ya ufito mrefu. Hakuna aliyemtuma tena. Kwa miaka kumi na tisa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kiwandani: kuandika upepo unatoka wapi na moshi una rangi gani, ili wakubwa wajue ni mtaa upi utakaokuja kulalamika. Siku moshi uliposhuka chini, majani ya mahindi yalibabuka na nguo zilizoanikwa zilitoboka. Kiwanda kiliposimama, wenzake walirudisha kofia zao ngumu na kwenda kulima. Yeye alirudi nyumbani na madaftari. Walimwambia ayachome. Hakuyachoma.

Majirani walimtania. "Baba Symphorien, kesho mvua itanyesha?"

"Minye siandikake ya kesho," alijibu. "Minye naandikaka ya leo."

Mkewe Angèle alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Nyumbani walibaki watatu: yeye, binti yake Danielle, na dada yake mkubwa Henriette, ambaye yeye alimwita Yaya, yaani dada mkubwa, aliyeletwa kutoka kijijini alipofiwa na mume. Henriette alikuwa amepita miaka sitini. Alinusa tumbaku, alicheka kwa sauti iliyovuka ukuta wa jirani, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha Symphorien ujinga wake wa utotoni isipokuwa yeye, maana ndiye aliyembeba mgongoni.

Danielle alikuwa na miaka ishirini na minane, fundi wa kushona sare za shule. Ugonjwa wake ulianza puani. Pua iliziba ikachuruzika, mafua yasiyokwisha, kisha harufu zikapotea. Maharagwe yaliungua mbele yake naye anashona tu, hajui. Halafu ukashuka kifuani. Kwanza yalikuja maumivu ya kichwa, mazito, katikati ya macho. Kabla ya saa moja kupita, kifua kilianza kupiga filimbi, midomo ikawa na rangi ya zambarau, naye akakaa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili kama anayetaka kukinyanyua.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyeuliza. Ni moshi, walisema, na kila mtu alikubali. Kisha dohani ikazimika. Watu waliona nguo zao hazitoboki tena, wakasema na Danielle naye atapona sasa. Hakupona. Moshi ulipoondoka, lawama ilikosa pa kukaa, ikaanza kutafuta kiti.

Hapo ndipo Symphorien alipoongeza safu katika daftari. Pamoja na upepo, moshi na mvua, aliandika: Danielle alikula nini. Alikwenda wapi. Nani alikaa naye. Alipiga mistari kwa rula, akaandika kwa herufi ndogo zilizosimama wima, bila kuruka siku hata moja. Aliamini kitu kikiandikwa vya kutosha, mwishowe kitajionyesha chenyewe.

Danielle alikuwa amekwisha kuiacha misa ya kanisani, akawa anasali na kikundi cha maombi katika ua wa Mama Elikia. Huyo Mama Elikia aliuza samaki wakavu sokoni, na alikuwa mwanamke mpole. Alizika watoto wawili katika mwaka mmoja, na tangu hapo hakuweza kusikia kwamba mtu ameugua bila kuuliza ni nani aliyemgonjesha. Jumapili ile alimwita Symphorien na nyumba yake nzima uani, mbele ya waumini.

"Baba," alisema, "weye unaandikaka kila kitu. Hapa kuko bantu banasema bile banasikia tu. Weye uko na kitabu. Soma."

Symphorien alisimama. Alifurahi kidogo, tusifiche. Katika miaka yote ya kuandika, hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumwambia asome mbele ya watu. Alidhani akisoma upepo na chakula na kila kitu kama kilivyo, wataona hakuna mkono wa mtu.

"Tarehe tatu Januari. Upepo mashariki. Moshi hakuna. Danielle alikula bukari ya mahindi na majani ya sombe. Yaya alitoka sokoni saa nne, akakaa naye. Saa tano kifua kilibana."

Akafungua mbele.

"Tarehe kumi na tisa Februari. Mvua kubwa. Bukari na samaki. Yaya alitoka sokoni saa tisa, akakaa naye. Saa kumi kifua kilibana."

Mara ya tatu ikawa vilevile. Mara ya nne wanawake walimtangulia: "Yaya alitoka sokoni." Henriette, aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango, akacheka.

"Mudogo yangu, hii kitabu yako inanipenda sana! Iko minye tu. Hauna muntu mwingine wa kuandika?"

Wachache walicheka naye. Symphorien akaendelea, maana hakujua kuacha ukurasa katikati. Mwaka ule Danielle alikuwa amebanwa mara tisa. Mara saba Yaya alikuwa ametoka sokoni. Mara mbili ilikuwa imeandikwa: "Nilitoka sokoni mimi." Hizo mbili nazo alizisoma, kwa sauti ileile, lakini hakuna aliyeitikia. Mwenye daftari hahesabiwi ndani ya daftari. Hata yeye mwenyewe masikio yake hayakuzisikia.

Alilifunga daftari. Mama Elikia alimgeukia Henriette, wala si kwa ukali.

"Mama Henriette, jibu. Ile anasoma, ni bukweli ao ni bongo?"

Henriette alitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini.

"Mudogo yangu hasemake bongo tangu utoto," alisema. "Kama ameandika, ni vile. Mimi njo nilikuwa natoka ku soko. Mimi njo nilikaa na mutoto." Aliinyoosha mbele ya mdogo wake. "Kumbe ni hii mikono?"

Hakukuwa na hasira katika swali lile. Aliuliza kama anayetaka kujua. Symphorien, ambaye ndiye aliyeulizwa, alikuwa anafunga kamba ya daftari lake.

Jumatatu, tarehe 14. Mvua nyembamba tangu alfajiri, upepo kaskazini-magharibi. Symphorien alipomaliza kuandika alimkuta dada yake mlangoni na kifurushi kichwani: vitenge viwili, sufuria ndogo, kopo la tumbaku. Hakufukuzwa na mtu. Hakuna aliyemwambia abaki, vilevile.

"Yaya, ngoja basi mvua ikatike."

"Nikingoja, utaniandika tena," alisema Henriette, na akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama alivyofanya zamani alipomkuta ameiba karanga. "Kaa na mutoto. Minye nitapita ku njia ya Buluo, nitasogea polepole mpaka kwetu."

Kwetu ilikuwa safari ya siku nne kwa miguu, na waliokuwa wakiishi huko wengi wao walikwisha kufa au kuhama. Symphorien alilijua hilo. Lakini aliliamini daftari. Alimsindikiza mpaka kona ya barabara, akarudi, akaona hana safu ya kuandikia jambo lile, asiliandike.

Danielle alilia siku mbili. Jumanne jioni, alipotandika kitanda, alikuta chini ya mto kijikaratasi cha daftari la shule kilichokunjwa pembe nne. Ndani mlikuwa na vidonge vinne vyeupe. Alivitambua, akavishika kifuani. Kila alipoumwa kichwa, shangazi yake ndiye aliyekimbia sokoni kuvitafuta, mvua au jua. "Kichwa njo mulango," Henriette alizoea kusema. "Tufunge mulango mbio, bugonjwa isiingie." Sasa alikuwa ameondoka, lakini amemwachia vya kufungia mlango.

Alhamisi, tarehe 17, kichwa kilikuja saa nne asubuhi. Danielle alimeza viwili. Saa tano kasorobo, Symphorien alisikia mashine ya kushonea imenyamaza, kisha akasikia filimbi. Haikuwa kama zile nyingine. Alipoingia, shingo ya binti yake ilikuwa imeingia ndani kwenye mashimo juu ya mabega, na macho yalikuwa yanamwomba kitu asichoweza kukitaja.

Symphorien alitoka mbio barabarani. Hapo alikuwa akipita Guy, kijana anayeleta makaa kwa baiskeli kutoka upande wa Buluo, amekwisha kuuza, baiskeli tupu. Walimkalisha Danielle kwenye kibao cha nyuma, Guy akasukuma, Symphorien akamshika kiuno, wakashuka hivyo hadi kwa Isidore.

Isidore alikuwa muuguzi wa hospitali kwa miaka mingi. Hospitali ilipokosa dawa, akawa na chumba kimoja mbele ya nyumba yake, na kabati moja lenye kioo kilichopasuka. Hakuuliza neno. Alifungua kabati, akatoa chupa ndogo ya adrenalini, akaivunja shingo, akamchoma Danielle sindano mkononi. Kisha wote wanne wakangoja. Yale mashimo juu ya mabega yakaanza kujaa polepole. Danielle akakohoa, akalia, na kilio chake kilikuwa na pumzi ndani yake.

"Ilikuwa ya mwisho," Isidore alisema, akiitazama ile chupa. "Sasa mniambie. Amefanya nini leo?"

Symphorien alifungua daftari. Lilikuwa kwapani, hakujua hata alilibeba saa ngapi. "Amekula mihogo. Hakutoka nyumbani. Hakuna aliyekaa naye. Yaya hayuko." Akafungua ukurasa wa nyuma. "Yaya hayuko tangu Jumatatu."

"Na dawa?"

"Dawa gani?"

Danielle alinyoosha mkono. Katika kiganja mlikuwa na kile kijikaratasi, na vidonge viwili vilivyobaki. Isidore alikigusa kimoja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Aspirine. Na zile siku zingine?"

"Kila siku ya kichwa," Danielle alisema kwa sauti ndogo. "Tantine ananileteaka. Akiwa hayuko, Baba njo ananileteaka."

Isidore alichukua tochi, akainua ncha ya pua ya Danielle, akachungulia kwa muda mrefu. Akamwita Symphorien naye atazame. Ndani, pande zote mbili, mlikuwa na vinyama laini vya kijivu, vyenye utelezi kama macho ya samaki.

"Nyama mu pua, kifua inabana, na aspirine," Isidore alisema, akihesabu kwa vidole. "Hii bitatu binatembeaka pamoja. Nilionaka muntu mumoja tu mbele yake, mwalimu fulani, ule alikufwa. Weye Symphorien, mu kitabu yako unaandika hata kuku akipita. Juu ya nini haukuandika kidonge?"

"Dawa haiko chakula," Symphorien alisema. "Nilikuwa na safu ya chakula."

Isidore aliiweka tochi chini. Alivuta kigoda, akaketi, akamweleza kama wanaume wawili waliowahi kufanya kazi wanavyoelezana.

Kila chembe ya mwili, alisema, imezungukwa na ngozi nyembamba ya mafuta. Chembe ikiumia, hukata kipande cha mafuta yake yenyewe na kukitengeneza kuwa ujumbe, wa kuwaita na kuwaonya wenzake. Kipande hicho kina njia mbili. Njia ya kwanza hutoa wajumbe wa maumivu na homa. Lakini miongoni mwao wamo wanaolitunza tumbo, na wamo wanaoizuia njia ya pili isizidi. Njia ya pili hutoa mjumbe mwingine, na huyo Isidore alichukua kalamu ya Symphorien akaandika jina lake pembeni mwa ukurasa: leukotriène. Si adui. Ndiye anayewaita askari wa damu kwenye kidonda. Ndiye anayekaza mirija ya pumzi ili uchafu usipite. Kila mtu anaye, na asiye naye vijidudu vingemmaliza. Ila akizidi, mlinzi anageuka mnyongaji: mirija inavimba, ute unajaa, mlango unafungwa na mwenye nyumba akiwa ndani.

"Aspirine inafunga ile njia ya kwanza. Njo maana kichwa inapoa. Bantu bengi hapana kitu. Lakini kuko bamoja bamoja, ukifunga njia ya kwanza, mafuta yote inakimbilia ya pili. Juu ya nini ni bale, haiko siye, sijue. Hata badocteur benye kutufundisha, habakujua."

"Ni kama vani mbili," Symphorien alisema taratibu. Aliziona mbele yake, zile koki kubwa za chuma kwenye bomba la asidi. "Unafunga moja, hauangalie ingine, ingine inapasuka."

"Njo vile."

"Basi nisikule tena mawese?" Danielle aliuliza kutoka kitandani.

Isidore alicheka, mara ya kwanza siku ile. "Kula, mama, kula! Haiko mafuta ya chungu. Ni mafuta ya mwili yako mwenyewe. Weye kataa tu aspirine, na Indocid, na kila dawa ya maumivu yenye haujue jina yake. Hata ikitoka mu mukono ya muntu anakupenda."

Neno hilo la mwisho alilisema bila kukusudia. Lilibaki chumbani. Guy, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na baiskeli yake, akaondoa kofia.

"Baba," alisema, "ule Yaya munasema, ni mama munene kidogo? Ananusaka tumbaku?"

"Umemuona?"

"Sikumuona minye. Banabibi ba ku Buluo banasimulia. Jumatatu alifika pale nyuma ya gereza, amelowa, aliomba mahali ya kulala. Bakamuuliza: mama, unatoka wapi, juu ya nini unatembea peke? Akasema tu bukweli." Guy aliinamia kofia yake. "Akasema: ni hii mikono yangu, ilikuwa inagonjesha mutoto wa mudogo yangu, iko mu kitabu. Basi, bakafunga mulango. Aliingia mu njia ya pori. Mpaka leo hakuna mwenye kumuona."

Symphorien alilifunga daftari. Alimchukua binti yake, wakarudi kwa mwendo wa konokono, wakipumzika kila nyumba tatu.

Jua lilikuwa bado juu alipoketi kizingitini na kulifungua daftari tangu Januari. Kwa kila siku ya kubanwa alimwita Danielle akamuuliza: kidonge? Na Danielle akajibu: kidonge. Mara tisa. Alipofika kwenye zile mara mbili, "Nilitoka sokoni mimi," alisimamisha kidole. Alikumbuka. Henriette alikuwa anaumwa miguu, akamwambia, mudogo yangu, kimbia basi mbio, mutoto anateseka. Naye akakimbia. Mikono ilikuwa minne. Iliyohukumiwa ilikuwa miwili.

Mama Elikia alikuja kabla ya giza, amesikia habari. Aliketi, akamshika Danielle mikono, akalia kwa dhati.

"Unaona, Baba? Mama Henriette ameenda mbali, lakini bado anafika."

"Ni kidonge, Mama. Isidore ameonyesha. Ni aspirine. Nilisoma mubaya, nitasoma tena mbele ya bantu bote. Hata minye nilimupatia, mara mbili. Iko hapa."

Mama Elikia aliutazama ukurasa, ingawa hakujua kusoma. Alimwonea huruma.

"Na hii kidonge ya leo, Baba, njo nani aliiacha chini ya kichwa ya mutoto?"

Symphorien alifungua kinywa. Jibu la kweli lilikuwa moja tu, na lilikuwa jina la dada yake.

"Kitabu ilikwisha kusomwa," Mama Elikia alisema kwa upole, akainuka.

Ijumaa, tarehe 18 Novemba. Mvua kubwa iliyokuwa imenyesha usiku ilikatika, upepo hakuna, kitambaa kimelala juu ya ufito. Symphorien aliandika hayo saa kumi na mbili kama kawaida. Kisha alichukua rula, akapiga mstari mpya kulia kwa ile safu ya chakula, ukurasa kwa ukurasa mpaka Januari, na juu yake akaandika: Alichomeza. Akajaza mara tisa neno moja, na mara ya kumi ya jana. Alimwacha Danielle kwa Joëlle, jirani wa nyuma, akamwonya mara mbili asimpe kidonge chochote. Alilifunga daftari kwenye mfuko wa nailoni, akachukua kitenge cha dada yake cha tatu, kile kilichobaki kwenye kamba ya kuanikia, akashika njia ya Buluo.

Alifika saa tatu na nusu. Nyuma ya ukuta wa gereza alionyeshwa ile nyumba iliyofunga mlango, akabisha hodi. Mwanamke alitoka na mchi mkononi, unga wa mihogo mpaka kwenye viwiko.

Symphorien hakumwambia yeye ni nani. Alilifungua daftari na kuanza kumsomea, tangu tarehe tatu Januari, safu zote, na ile mpya. Mwanamke alisikiliza mpaka Aprili. Kisha akasema, "Baba, nina unga mu kinu."

"Njia gani alipita?"

Mwanamke alionyesha kwa mchi: kijia chembamba kati ya majani marefu, maji yamesimama kwenye nyayo zilizoelekea porini, zisizojulikana ni za nani. Symphorien alilirudisha daftari mfukoni, akakunja suruali hadi magotini, akaingia, akiita, "Yaya!" Kila baada ya hatua kumi alisimama asikilize, kisha akaita tena.